Mwanafunzi Asikilizwe Kabla ya Kurudishwa Nyumbani

Katika shule zetu za Kampala hakuna neno wanaloliogopa wanafunzi kuliko hili: "Kusanya vitu vyako, urudi na mzazi." Likishasemwa, limekwisha. Mwanafunzi atatoka langoni na begi lake, atateremka hadi barabara ya Ggaba, na pale penye kituo cha bodaboda cha Kabalagala ataanza kufikiri atamwambia nini mama yake. Pengine amekosa kweli. Pengine hakukosa. Lakini katika hali zote mbili, mara nyingi hakuulizwa neno hata moja kabla ya kutolewa. Hilo ndilo nitakalo kulieleza katika ukurasa huu: kwamba mwanafunzi wa shule ya umma ana haki ya kusikilizwa kabla ya kurudishwa nyumbani, na kwamba haki hiyo isipotunzwa shuleni penyewe, mahakama haiwezi kumtunzia kwa wakati.

Sisemi kwamba shule isiwe na amri. Shule isiyo na amri ni soko, na hata soko lina amri zake. Kengele sharti ilie, darasa sharti litulie, na mwenye kuiba kalamu ya mwenzake sharti arudi. Wala sisemi kwamba walimu wetu ni watu wabaya. Wengi wao wana darasa lililojaa hadi mlangoni, na siku yao haina nafasi ya kusikiliza hadithi ndefu za kila mtoto. Nasema jambo moja tu, nalo ni dogo: kabla ya kutoa adhabu ya kumwondoa mtoto darasani, mwambie kosa lake, kisha nyamaza umsikie.

Jambo hili lina uzito wake hapa Kabalagala kuliko mahali pengine. Mtaa wetu una jina moja na vile vitumbua vitamu vya ndizi na unga wa muhogo, nao ni mchanganyiko kama vitumbua vyenyewe. Juu yetu kuna kilima cha Muyenga na majumba yake; huku chini kuna vyumba vya kupanga ambamo watu wa jamaa moja hulala pamoja. Katika benchi moja la darasa utawakuta Mganda, Mnyankole, Mkongo, Mhabeshi, Mweritrea na Msudani wa Kusini. Ijumaa wengine hupanda kwenda msikiti wa Kibuli, Jumamosi wengine huenda kusali kwa Waadventista, Jumapili wengine huenda kanisani Nsambya. Amri moja ya shule, ambayo mwenye kuiandika aliiona nyepesi, huwaangukia watoto hawa kwa uzito mbalimbali. Amri ya kofia haimpati mvulana kama inavyompata msichana mwenye hijabu. Mtihani wa Jumamosi haumsumbui Mkatoliki. Kwa hiyo magomvi hayakosi, wala si ajabu kuwa nayo. La kujiuliza ni namna ya kuyaamua.

Tuangalie kwanza sheria ya nchi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 30, yasema kwamba kila mtu ana haki ya elimu. Ibara ya 29 yalinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Ibara ya 24 yakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Kisha iko ibara ya 42, ambayo wanafunzi wengi hawaijui: mtu ye yote anayefika mbele ya ofisa au chombo cha utawala sharti atendewe kwa haki, na akiona uamuzi uliotolewa juu yake si wa haki, aweza kwenda mahakamani. Na ibara ya 44 imeiweka haki ya kusikilizwa kwa uadilifu miongoni mwa zile chache ambazo haziwezi kupunguzwa hata kidogo. Mahali po pote katika ibara hizi hapakuandikwa "isipokuwa watoto wa shule." Tena Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 yasema kwamba mtoto mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia. Basi Mwalimu Mkuu na bodi ya shule ya serikali, wanapoamua kwamba fulani akae nyumbani, hawaamui jambo la nyumbani kwao. Wanatumia mamlaka ya umma, na mamlaka ya umma ina masharti yake.

Labda msomaji atasema, "Kama sheria ni nzuri hivyo, mwenye kuonewa na aende mahakamani." Naam, wako waliokwenda. Tuwatazame walipata nini.

Kesi iliyo karibu nasi ni ya Makerere. Chuo hicho si sekondari, lakini ni cha umma, na jambo lenyewe ni lile lile. Wanafunzi Waadventista walilalamika kwamba masomo na mitihani iliwekwa Jumamosi, siku yao ya Sabato, na kwamba hivyo walilazimishwa kuchagua kati ya dini yao na shahada yao. Walifungua shauri mbele ya Mahakama ya Katiba mwaka 2003. Wakashindwa. Wakakata rufaa katika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 2006 ikawakatalia pia. Waamuzi waliona kwamba chuo kikubwa chenye watu wa dini nyingi kilikuwa na sababu ya kupanga ratiba yake kwa siku zote zile, na kwamba uhuru wa dini, kama haki nyingine nyingi, una mipaka inayoruhusiwa na Katiba.

Mtu aweza kuukubali uamuzi ule au kuukataa. Mimi nataka tuone mambo mawili ndani yake. La kwanza, kuwa na haki si kushinda kila shauri. Mwanafunzi anayedhani kwamba akitaja Katiba basi kila amri itaanguka, ajifunze kwa kesi hii. La pili ni hesabu ya miaka. Tangu 2003 hadi 2006 ni miaka mitatu, na shahada nyingi za Makerere huchukua miaka mitatu. Hata kama wangalishinda siku ile ya mwisho, ushindi wao ungaliwakuta wapi?

Hesabu hiyo yaonekana wazi zaidi katika kesi ya jirani zetu wa Kenya. Huko Isiolo iko shule ya serikali iitwayo St. Paul's Kiwanjani, ya kutwa, ya wavulana na wasichana pamoja, na mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014, katika sherehe ya shule, naibu gavana wa Isiolo aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kanisa halikuridhika, likaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililipa Kanisa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo, ikisema kwamba amri inayoonekana sawa kwa wote yaweza kuwabagua wengine kwa siri, kwa kuwa mzigo wake haulingani. Januari 2019 Mahakama ya Juu nayo ikaufuta uamuzi wa rufaa. Na sababu yake ni nini? Si kwamba hijabu ni mbaya, wala si kwamba ni nzuri. Waamuzi wengi, isipokuwa mmoja aliyetofautiana nao, walisema kwamba madai ya hijabu hayakuletwa mahakamani kwa njia iliyo sawa. Mwenye kutaka aanze upya tangu chini.

Sasa wewe msomaji, piga hesabu. Sekondari ya Kenya wakati ule ilikuwa ya miaka minne. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza mwaka 2014 alimaliza kidato cha nne mwaka 2017. Jibu la mwisho lilitoka mwaka 2019, na halikuwa jibu. Wakubwa walishindana kwa miaka mitano kuhusu kitambaa cha kichwani mwake. Yeye akakua, akafanya mtihani, akaondoka. Wazee walisema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Sitaki mtu afikiri kwamba nawadharau waamuzi. Mahakama ni mlango wa lazima, na yafaa uwe wazi. Tena mara nyingine hufunguka upesi. Januari 2019, mwezi ule ule wa hukumu ya Isiolo, msichana wa kidato cha kwanza katika shule moja ya serikali mjini Nairobi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake za Kirasta, ingawa alizifunika kwa kilemba. Baba yake alikwenda Mahakama Kuu. Mahakama ilitoa kwanza amri ya muda kwamba arudi darasani, shauri likiendelea. Na mwezi wa Septemba mwaka huo ikatoa hukumu kwamba kumtoa shuleni kwa sababu ya imani yake ni kuvunja Katiba. Hiyo amri ya muda ndiyo iliyomwokoa. Kama angalingoja hukumu nje ya lango, angalipoteza sehemu kubwa ya mwaka wake wa kwanza. Lakini ni wazazi wangapi wa Kabalagala wanaoweza kupata wakili katika juma moja? Mama anayekaanga chapati kando ya barabara tangu alfajiri hana nafasi ya kumtafuta wakili, wala hana fedha ya kumlipa.

Kwa hiyo yatupasa kutafuta dawa iliyo karibu zaidi. Nimeiona dawa hiyo katika kesi ya mbali kidogo, ya Marekani. Watu wengi hujua kwamba mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataza kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali. Wengi hujua pia kwamba mwaka 1957, katika mji wa Little Rock, ilibidi askari wa jeshi wawasindikize wanafunzi tisa weusi ili waweze kuingia katika shule waliyoruhusiwa na sheria. Hapo twaona kwamba haki iliyoandikwa mahakamani haiingii darasani kwa miguu yake yenyewe. Yahitaji watu wa kuiingiza.

Lakini kesi ninayoitaka ni ndogo kuliko hiyo, nayo huitwa Goss na Lopez. Mwaka 1971 palitokea ghasia katika shule za mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Wanafunzi wengi walirudishwa nyumbani kwa siku hadi kumi bila ya kuulizwa. Mmoja wao, Lopez, alisema kwamba ghasia zilipotokea katika chumba cha kulia yeye alikuwa amesimama tu, hakuvunja kitu. Na kwamba siku hiyo walifukuzwa pamoja naye wengine wasiopungua 75. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1975 ikaamuliwa kwa waamuzi watano dhidi ya wanne. Uamuzi wenyewe ni mwepesi kama salamu. Kabla ya kumrudisha mwanafunzi nyumbani hata kwa siku chache, mwambie ameshitakiwa nini. Akikana, mweleze ushahidi ulio nao. Kisha mpe nafasi ya kutoa maneno yake. Hapana haja ya wakili, wala ya mashahidi kula kiapo. Mazungumzo ya dakika chache katika ofisi yatosha. Na kama mwanafunzi ni wa hatari kwa wenzake, aweza kutolewa mara moja, lakini asikilizwe mapema iwezekanavyo baada ya hapo.

Tazama jinsi jambo hili lilivyo jepesi. Halitaki fedha. Halitaki jengo jipya. Lataka dakika tano na sikio. Katika watu 75 waliofukuzwa kwa siku moja, bila shaka wako waliovunja meza na wako waliotazama tu, asiyeuliza atawatofautishaje? Mwamba ngoma huvutia kwake: kiranja ataeleza kwa upande wake, mwalimu wa zamu kwa upande wake. Mwenye kuhukumu akisikia upande mmoja tu amesikia nusu ya habari, na nusu ya habari yaweza kumpotosha kuliko uongo mzima.

Najua majibu ya wanaopinga, maana ni majibu ya siku zote. Wa kwanza watasema: samaki mkunje angali mbichi. Ukianza kumuuliza mtoto maoni yake, ataota pembe, na nidhamu itakufa. Waamuzi wanne walioshindwa katika kesi ile ya Ohio nao waliogopa jambo la namna hiyo, kwamba mahakama itaingia katika kazi ya walimu. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana ni kweli kwamba shule haiwezi kuwa mahali pa kubishana kutwa kucha. Lakini kukunja si kuvunja. Mtoto aliyeadhibiwa baada ya kusikilizwa anajua amekosa nini, na wenzake wanajua pia. Mtoto aliyeadhibiwa bila kusikilizwa hujifunza jambo moja tu: kwamba mwenye nguvu hana haja ya sababu. Somo hilo atalichukua hadi ukubwani, na siku akipewa cheo yeye, atalifundisha kwa wengine. Je, hao ndio maofisa tunaotaka Uganda iwe nao?

Wa pili watasema kwamba zamani fimbo ilitosha, wala hapakuwa na maneno mengi. Tuwakumbushe kwamba sheria imekwisha kukataa hilo. Wizara ya Elimu ilipiga marufuku fimbo kwa waraka wa mwaka 2006, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yameikataza kabisa katika shule. Na kabla ya hapo, katika lalamiko lililoandikishwa mwaka 1998, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ilisikiliza habari ya mwanafunzi wa sekondari aliyepigwa vibaya na walimu wawili, ikaamua kwamba haki yake ilivunjwa na kwamba alipwe fidia. Hata hivyo sote twajua kwamba katika shule nyingi fimbo haijaondoka. Imejificha tu nyuma ya kabati. Ndiyo maana nasema kwamba karatasi ya sheria haitoshi. Mwalimu asiye na njia nyingine ya kuamua mambo atarudi kwenye ile anayoijua. Basi tumpe njia nyingine.

Wa tatu watasema, "Na ada je? Mtoto hajalipiwa, kuna nini cha kusikiliza?" Hapo ndipo penye mengi ya kusikiliza. Kwanza, Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 yakataza kutoza malipo ya masomo katika shule zilizo katika mpango wa elimu ya bure ya serikali, ingawa michango ya hiari imeruhusiwa. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza: malipo haya ni ya nini, na nani ameyaamuru? Pili, hata pale ambapo deni ni la halali, mdeni si mtoto. Mtoto hakuahidi kulipa, hana mshahara, wala hawezi kukopa. Kumtoa darasani ni kumfanya mtumwa wa barua kati ya watu wazima wawili. Afadhali mzazi aitwe, aketi, apange malipo kidogo kidogo, na mtoto aendelee na hesabu zake.

Na sisi wanafunzi tuna wajibu wetu pia. Nisipoutaja, makala hii itakuwa ya upande mmoja kama ile hukumu ninayoilaumu. Katika Uganda tumesikia mara nyingi habari za migomo ya shule: madirisha yamevunjwa, stoo imeporwa, bweni limeungua, polisi wameitwa. Mwisho wake shule hufungwa, na wasiokuwamo huumia pamoja na waliokuwamo. Wengine husema kwamba mgomo ni sauti ya asiye na pa kusemea. Huenda ni kweli, lakini ni sauti inayochoma hata vitabu vya mwenye kusema. Tukitaka kusikilizwa, hatuna budi kusema kweli tunapoulizwa, kumtaja mwenye kosa hata akiwa rafiki, na kukubali uamuzi uliotolewa kwa utaratibu hata kama umetuangukia. Wale wa Makerere walishindwa mara mbili, na njia waliyoishika ilikuwa ya mahakama na rufaa. Hilo ni la kuigwa.

Basi natoa shauri kwa bodi ya shule yetu, kwa Mwalimu Mkuu na kwa baraza la wanafunzi, nalo lina mambo matano.

Kwanza, amri za shule ziandikwe zote katika karatasi moja, zisomwe mbele ya wanafunzi na wazazi mwanzoni mwa mwaka. Amri isiyoandikwa hubadilika kufuata hasira ya siku.

Pili, asirudishwe mtu nyumbani kabla ya kuambiwa kosa lake na kuulizwa maneno yake, mbele ya mwalimu ambaye si yule mwenye kumshitaki. Jambo hili limalizike siku ile ile.

Tatu, uamuzi uandikwe katika daftari, pamoja na sababu na tarehe, na mzazi apewe nakala. Daftari hilo litawalinda walimu kuliko wanavyodhani, kwa maana siku mzazi akija na ghadhabu, Mwalimu Mkuu atakuwa na la kumwonyesha.

Nne, mzazi asiyeridhika apewe nafasi ya kufika mbele ya bodi katika muda wa juma moja, na katika siku hizo mtoto abaki darasani, isipokuwa kama ni wa hatari kwa wenzake. Ile amri ya muda iliyomsaidia msichana wa Nairobi, na sisi tuwe nayo hapa hapa shuleni, bila ya wakili.

Tano, maombi yanayohusu dini, kama vile hijabu, nywele, Sabato, saumu na sala ya Ijumaa, yaletwe kabla ya muhula kuanza na yajibiwe kwa maandishi. Shule itakubali linalowezekana, na penye kukataa itaeleza sababu. Mzazi akijua mapema, aweza kushauriana na shule au kutafuta nyingine. Akijua siku ya mtihani, hana la kufanya ila kulia.

Na juu ya hayo matano naongeza neno la lugha, hasa kwa kuwa naandika katika sehemu hii ya Kiswahili. Wako wenzetu waliotoka Kongo ambao Kiingereza chao bado ni kichanga na Kiluganda hawakijui. Mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu hushikwa na kigugumizi, na kigugumizi chao huhesabiwa kuwa ni kukiri kosa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa Katiba yetu kama ilivyorekebishwa mwaka 2005. Mtoto kama huyo aruhusiwe kujieleza kwa Kiswahili, na mwenzake au mwalimu amfasirie. Kumsikiliza mtu kwa lugha asiyoijua si kumsikiliza.

Haya yote si makubwa. Hakuna hata moja linalongoja Bunge au Wizara, wala fedha za wafadhili. Bodi ikikutana Jumamosi moja, Jumatatu yaweza kuanza. Mahakama zetu zina kazi yake, na mwenye dhuluma kubwa asizuiwe kuziendea. Lakini muhula wa shule una majuma machache tu, na shauri la mahakamani lina miaka. Mtoto aliyekosa majuma mawili ya hesabu harudishiwi majuma hayo na jaji ye yote, hata ashinde kesi kwa heshima zote. Haki ya mwanafunzi ina saa yake, nayo ni ile saa anaposimama mbele ya meza ya ofisi, kabla hajaambiwa aende. Hapo ndipo pa kumsikiliza.

Mwenye maoni mengine na ayaandike katika toleo lijalo. Tutamsikiliza.